George Smith: fundi wa noti aliyekuta habari za gharika katika udongo wa Ninawi

Kuna swali ambalo vijana wetu wanaosoma katika vyuo vya Bukavu, Goma na Lubumbashi wanakutana nalo mapema. Je, habari za Nuhu na amri za Musa zilitoka kwa Mungu, au Waisraeli walizichukua kwa Wababeli? Wengine wanauliza kwa sauti kanisani, na wanaambiwa wanyamaze. Wengine hawaulizi, wanaacha tu kuja. Kwa sababu hiyo ni vizuri tujue maisha ya mtu aliyelifanya swali hili lijulikane duniani. Hakuwa adui wa Biblia, na hakuwahi kukaa kwenye benchi la chuo kikuu.

George Smith alizaliwa London tarehe 26 Machi 1840, katika familia ya watu wanaoishi kwa kazi ya mikono. Alipofikisha miaka 14 shule ilikwisha. Aliwekwa katika kampuni ya wapiga chapa ya Bradbury and Evans ajifunze kuchonga mabamba ya kuchapia noti za benki. Kazi hiyo inadai jicho kali na mkono mtulivu, maana mstari mmoja ukipotoka bamba lote limeharibika. Hakuna aliyejua wakati huo kwamba Mungu alikuwa anamfundisha kijana huyu kusoma alama ambazo macho ya wasomi yalizipita.

Smith alipenda sana historia ya Agano la Kale. Mshahara wake mdogo aliutumia kununua vitabu vya Ashuru na Babeli. Saa ya chakula cha mchana, wenzake walipokuwa wakipumzika, yeye alikwenda British Museum, jumba la makumbusho ambako vilikuwa vimewekwa vibao vya udongo kutoka Ninawi, mji ule aliotumwa nabii Yona.

Vibao hivyo vilifikaje London? Katika miaka ya 1840 na 1850, Mwingereza Austen Henry Layard, na baadaye Hormuzd Rassam, Mkristo mzaliwa wa Mosul, walichimba vilima vilivyo ng'ambo ya mto Tigri mkabala na Mosul. Chini ya udongo walikuta majumba ya wafalme na maktaba ya mfalme Ashurbanipal, aliyetawala katika karne ya 7 K.K. Ninawi ulipoanguka mwaka 612 K.K., moto uliteketeza majumba, lakini vibao vya udongo haviungui kama karatasi. Vilivunjika vipande maelfu, vikalala ardhini zaidi ya miaka 2,400. Maandishi yake ni alama ndogo za umbo la kabari, zilizobonyezwa kwa kijiti katika udongo mbichi.

Wakubwa wa makumbusho waliona kwamba kijana huyu anarudi kila siku na kwamba anavielewa vibao. Henry Rawlinson, mmoja wa watu waliofungua siri ya maandishi hayo, alimruhusu kufanya kazi ya kuunganisha vipande. Mwaka 1866 Smith aligundua maandishi yaliyoonyesha mwaka ambao Yehu, mfalme wa Israeli tunayemsoma katika 2 Wafalme, alimtolea kodi mfalme Shalmaneza wa Ashuru. Kwa mara hiyo jambo la Biblia lilipata mahali pake katika hesabu ya miaka ya Waashuri. Mwaka uliofuata aliajiriwa rasmi na makumbusho. Fundi wa noti akawa mtaalamu wa lugha ambayo watu wachache sana duniani waliweza kuisoma.

Kisha ikafika Novemba 1872. Smith alikuwa akipanga vipande vya hadithi za kale alipokutana na kibao kilichovunjika. Alisoma habari ya chombo kilichosimama juu ya mlima. Alisoma habari ya njiwa aliyetumwa nje, akakosa mahali pa kutua, akarudi. Alielewa mara moja kilichokuwa mikononi mwake. Inasimuliwa kwamba furaha ilimzidi hata akaanza kuzunguka chumba na kuvua nguo, mbele ya wenzake walioshangaa.

Tarehe 3 Desemba 1872 alieleza ugunduzi wake mbele ya Chama cha Akiolojia ya Biblia mjini London. Waziri Mkuu Gladstone mwenyewe alikuwepo. Habari ilikuwa hii: mtu mmoja aitwaye Utanapishti alionywa na mungu Ea kwamba gharika inakuja. Akajenga chombo kikubwa, akakipaka lami, akaingiza jamaa yake na wanyama. Dhoruba ilivuma siku sita na usiku saba. Chombo kilitua mlimani. Alituma njiwa, kisha mbayuwayu, kisha kunguru. Mwisho alitoka akatoa sadaka. Leo tunajua kwamba ni sehemu ya utenzi wa Gilgamesh.

Ilikuwa miaka 13 tu tangu Darwin atoe kitabu chake juu ya asili ya viumbe, na Wakristo wa Uingereza walikuwa katika mabishano makali. Kibao cha Smith kilivutwa huku na huku. Wengine walisema: tazameni, gharika ilitokea kweli, hata wapagani wanashuhudia. Wengine walisema: tazameni, Mwanzo ni nakala ya hadithi ya Babeli. Kibao kilekile, udongo uleule, na kila mmoja akaondoka na alichokuja nacho.

Kibao kilikuwa na mapengo. Gazeti la Daily Telegraph likatoa gini 1,000, yaani pauni 1,050, ili Smith aende Ninawi kutafuta kilichopungua. Alikuwa hajawahi kusafiri Mashariki. Mwezi Mei 1873 alianza kuchimba, na baada ya siku chache tu, tarehe 14 Mei, alisafisha kipande kimoja akaona mistari 17 juu ya gharika. Gazeti liliona kazi imekwisha, likamwita arudi. Baadaye wasomi walitambua kwamba kipande hicho ni cha masimulizi mengine ya gharika, yale ya Atrahasisi, ambayo nakala zake nyingine ziliandikwa katika karne ya 17 K.K. Kwa hiyo hadithi yenyewe ilikuwa ya zamani sana katika nchi ile, tena ilisimuliwa kwa namna zaidi ya moja.

Smith alikwenda tena kwa ajili ya makumbusho. Mwaka 1876 alitoa kitabu juu ya masimulizi ya Wakaldayo na kitabu cha Mwanzo, kikasomwa sana. Safari ya tatu ilikuwa ngumu. Vibali vilichelewa, nchi ilikuwa na maradhi na machafuko, na hakuweza kuchimba kama alivyotaka. Akiwa njiani kurudi, katika joto kali, alishikwa na ugonjwa wa kuhara damu. Alifariki Aleppo tarehe 19 Agosti 1876, mwenye miaka 36. Aliacha mke wake Mary na watoto wadogo.

Miaka 25 baada ya kifo chake, swali alilolifungua liligusa pia sheria. Mwaka 1901 na 1902, Wafaransa waliokuwa wakichimba Susa, ndiyo Shushani ya kitabu cha Esta, walikuta jiwe jeusi refu kuliko mtu, lililoandikwa sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli katika karne ya 18 K.K. Jiwe hilo liko Louvre, Paris. Humo kuna jicho kwa jicho, na kuna sheria ya ng'ombe mwenye desturi ya kupiga watu pembe, karibu sana na Kutoka 21.

Basi tumjibu nini kijana wetu? Kwanza, tusimdanganye. Kufanana kupo. Masimulizi haya na sheria hizi zilijulikana katika nchi ile kabla ya Musa. Biblia yenyewe haifichi mahali tulipotoka: Ibrahimu alitoka Uru ya Wakaldayo, Musa alifundishwa hekima yote ya Wamisri, Luka alichunguza habari za waliomtangulia, na Paulo kule Athene alitumia maneno ya washairi wa Wayunani. Roho wa Mungu hakuona haya kutumia maneno ambayo watu tayari walikuwa nayo.

Pili, tumsaidie kusoma vyote viwili bila haraka, kama Smith alivyosoma kibao. Katika utenzi wa Babeli, Ea anamfundisha Utanapishti awadanganye majirani zake wasijue kinachokuja, lakini 2 Petro inamwita Nuhu mhubiri wa haki. Kwa Atrahasisi, miungu inaleta gharika kwa sababu kelele za watu zinawanyima usingizi. Katika Mwanzo 6 sababu ni dunia kujaa jeuri. Miungu ya Babeli inaogopa maji iliyoyaleta yenyewe, na sadaka inapotolewa inajikusanya kama nzi kwa njaa. Mungu wa Nuhu hana njaa, na anaweka agano na kila chenye uhai.

Fanya hivyohivyo kwa sheria. Kwa Hammurabi, ukiharibu jicho la mtumwa wa mtu, unalipa nusu ya bei yake. Katika Kutoka 21:26, bwana akiharibu jicho la mtumwa wake, mtumwa anaondoka huru. Kwa Hammurabi, nyumba ikimwangukia mtoto wa mwenye nyumba akafa, anauawa mtoto wa mjenzi. Kumbukumbu la Torati 24:16 linakataza mtoto kuuawa kwa kosa la baba yake. Hatusemi Torati iliondoa utumwa siku ile. Haikuuondoa, na katika sura hiyohiyo ya Kutoka mtumwa aliyeuawa na ng'ombe bado ana bei, shekeli 30. Lakini mtu anayesoma kwa haki ataona kwamba sheria ya zamani imeshikwa na kugeuzwa, na kwamba inaelekezwa upande wa mdogo.

Jambo hili linatugusa hata sisi. Kabla ya mmisionari wa kwanza kufika katika milima yetu, wazee walijua kwamba wizi ni aibu na kwamba mgeni hafukuzwi na njaa yake. Paulo katika Warumi 2 anafundisha kwamba mataifa wasio na Torati wanayo sheria iliyoandikwa mioyoni. Kama Mungu hakujiacha bila shahidi kwetu, kwa nini tushangae kwamba hakujiacha bila shahidi kando ya Tigri na Frati?

Wachungaji na viongozi wa vijana, msiwaogope wanaouliza. Kijana akija na karatasi au simu yenye habari za Gilgamesh, kaeni naye, fungueni Mwanzo 6 hadi 9, msome pamoja sura zote nne, na mmwache aulize mpaka amalize. Smith alitumia saa yake ya chakula kwa miaka mingi ili asome vizuri. Sisi tunaweza kumpa kijana huyo jioni moja.

Mungu atupe uvumilivu huo.