Mwenyeheri Frédéric Ozanam: Mwanachuo Aliyeulizwa Swali Gumu



Wengi wetu tukifika chuoni tunajikuta kwenye mabishano ya dini. Hosteli ni mjadala, kwenye magrupu ya WhatsApp ni mjadala. Leo nawaletea mwanachuo aliyekuwa mkali kweli kwa hoja, mpaka siku alipoulizwa swali ambalo hoja peke yake haikulitosha.

Frédéric Ozanam alizaliwa Milan tarehe 23 Aprili 1813, akakulia Lyon, Ufaransa. Baba yake alikuwa daktari aliyewatibu pia maskini. Akiwa kijana wa shule, Frédéric alipata mashaka makubwa ya imani. Aliyemsaidia kuvuka ni mwalimu wake wa falsafa, Padre Noirot, ambaye hakumkataza kuuliza maswali bali alitembea naye katika hayo maswali.

Mwaka 1831, akiwa na miaka 18, akaenda Paris kusoma sheria. Jamani, upweke wa mwaka wa kwanza haukuanza na sisi! Alikumbuka sana nyumbani, na jiji lilimtisha. Bahati nzuri alipata chumba nyumbani kwa André-Marie Ampère, yule mwanasayansi ambaye jina lake tunalitumia mpaka leo tukipima umeme. Ampère alikuwa msomi mkubwa na Mkatoliki wa kusali, na Frédéric aliliona hilo kila siku.

Chuoni hali ilikuwa nyingine. Baadhi ya maprofesa waliishambulia imani wazi wazi darasani. Frédéric na wenzake wakawa wanaandika barua za kuwajibu, na maprofesa wakalazimika kuwasikiliza. Pia walikuwa na klabu ya midahalo ya historia, ambayo mlezi wake alikuwa Emmanuel Bailly, mhariri wa gazeti. Wanachuo wa kila mtazamo waliruhusiwa kuingia na kubishana.

Ndipo likaja lile swali. Mwanachuo mmoja, mfuasi wa mawazo ya Saint-Simon, alikubali kwamba Kanisa lilifanya makubwa zamani. Ila akataka kujua: hawa Wakatoliki waliopo sasa wanawafanyia nini maskini wa Paris? Halikuwa swali la vitabuni. Mwaka mmoja tu nyuma, kipindupindu kilikuwa kimeua watu zaidi ya 18,000 jijini humo, na mitaa ya maskini haikuwa mbali na madarasa yao.

Frédéric hakutafuta hoja ya kurudishia. Husimuliwa kwamba yeye na rafiki yake walichukua kuni zao zilizobaki wakazipeleka kwa familia maskini. Kisha tarehe 23 Aprili 1833, siku anatimiza miaka 20, vijana sita wakakutana na Bwana Bailly kuanzisha kikundi cha huduma. Hawakujua hata pa kuanzia. Wakaenda kwa Sista Rosalie Rendu, aliyewajua maskini wa mtaa wa Mouffetard nyumba kwa nyumba. Yeye ndiye aliyewapa familia za kutembelea na kuwafundisha namna ya kuingia kwa mtu maskini: kukaa chini na kusikiliza kwanza, bila kuharakisha kutoa ushauri.

Kilichonigusa zaidi ni kitu kingine. Kikundi kilipokua, baadhi walitaka kibaki cha marafiki wale wale waliozoeana. Kilipofika wanachama zaidi ya 100, ikabidi kugawanyika, na wengine waliumia sana. Frédéric alisimamia kugawanyika, maana urafiki wao ulikuwa kwa ajili ya huduma. Tukiwa wakweli, vikundi vyetu vya chuoni navyo vinapenda kujifungia. Yule wa mwaka wa kwanza anakaa benchi la nyuma muhula mzima, hakuna hata anayemuuliza jina.

Na usidhani shule iliachwa. Frédéric alipata udaktari wa sheria, kisha udaktari wa fasihi kwa kazi yake juu ya Dante, akawa profesa Sorbonne. Mwaka 1841 alimwoa Amélie, wakapata binti mmoja, Marie. Afya ilimwangusha mapema. Alifariki Marseille tarehe 8 Septemba 1853, akiwa na miaka 40. Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenyeheri mwaka 1997, Paris, wakati wa Siku ya Vijana Duniani. Kile kikundi cha wanachuo sasa ndicho Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, kilichoenea nchi zaidi ya 100.

Tunasemaga: ngoja nimalize chuo, nipate kazi, ndipo nitasaidia watu. Frédéric alianza akiwa mwanafunzi, na alichokuwa nacho ni kuni na saa chache za wiki. Tena alikiri kwamba lengo mojawapo lilikuwa kulinda imani yao wenyewe. Imani yake, iliyowahi kuyumba, ilipata mizizi kwenye vyumba vya maskini.

Basi wiki hii, pamoja na mwenzako mmoja, tafuteni nyumba moja au mgonjwa mmoja karibu na chuo. Kama hamjui pa kuanzia, muulizeni sista au katekista wa parokia. Hata Frédéric alianza kwa kuuliza.

Mwenyeheri Frédéric Ozanam, utuombee.