Burkitt: Daktari mwenye jicho moja aliyeitambua saratani ya taya kwa watoto

Mzazi, mtoto akivimba shavu, wengi wetu hufikiria jino. Atasukutua maji ya chumvi, atapewa dawa ya maumivu, na siku zitapita. Mara nyingi huwa ni jino kweli. Lakini upo uvimbe mwingine wa taya usiosubiri, na leo nakusimulia habari za daktari aliyetufumbua macho juu yake, ilhali yeye mwenyewe alikuwa na jicho moja.

Denis Burkitt alizaliwa mwaka 1911 huko Enniskillen, Ireland. Akiwa na miaka 11 alipata ajali iliyompotezea jicho. Hata hivyo alisomea udaktari Dublin, akabobea katika upasuaji, na mwaka 1946 akaenda kufanya kazi Uganda, kwanza Lira, kisha Hospitali ya Mulago, Kampala.

Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita amwone mvulana wa miaka 5. Taya zake zilikuwa zimevimba juu na chini, kulia na kushoto. Jino bovu halifanyi hivyo. Wiki chache baadaye, akiwa hospitali ya Jinja, Burkitt alichungulia dirishani akamwona mtoto mwingine mwenye uso wa namna ileile. Alipompima, alikuta uvimbe tumboni pia.

Akarudi Mulago kupekua mafaili ya wagonjwa. Aligundua kwamba watoto wenye uvimbe wa taya mara nyingi walikuwa na uvimbe kwenye figo, ini au ovari pia, na kila mmoja ulikuwa umeandikwa kama ugonjwa wa peke yake. Mwaka 1958 alichapisha taarifa ya watoto 38. Wataalamu wa patholojia wa Kampala, yaani wale wanaochunguza kwa hadubini vipande vya nyama vilivyotolewa mwilini, walikuta chembe zilezile kila mahali: saratani ya chembe nyeupe za damu. Ulikuwa ugonjwa mmoja, na leo unaitwa limfoma ya Burkitt.

Mwaka 1961, akiwa na madaktari wenzake wawili katika gari kuukuu, alisafiri takriban kilomita 16,000 akiuliza hospitali kwa hospitali hadi kusini mwa Afrika. Ugonjwa ulionekana penye joto na mvua, ukawa adimu kwenye nyanda za juu zenye baridi. Ramani yake ilifanana na ya malaria. Kutokana na sampuli zilizosafirishwa toka Kampala, Anthony Epstein na wenzake huko London waligundua mwaka 1964 virusi vinavyoitwa Epstein-Barr. Watu wengi huishi navyo bila madhara, ila vikikutana na malaria ya mara kwa mara huweza kumfungulia mtoto mlango wa saratani hii.

Kisu hakikuweza kuushinda ugonjwa huu, hivyo Burkitt alijaribu dawa za saratani. Uvimbe ulinywea ndani ya siku chache, na baadhi ya watoto walipona kabisa. Alifariki mwaka 1993.

Sasa tugeukie nyumbani kwako. Uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Ukiona taya linavimba haraka, meno yanalegea bila sababu, jicho linasukumwa nje, tumbo linajaa au miguu inaishiwa nguvu, mpeleke mtoto hospitali siku hiyohiyo. Daktari akiomba kukata kipande kidogo cha uvimbe kwa uchunguzi, usikatae wala usiogope kwamba utachokozwa ukasambaa. Kipande hicho ndicho kitakachoonyesha ni ugonjwa gani na dawa ipi itolewe. Watoto wengi wanaowahishwa na kumaliza dozi zote hupona.

Na usiku wa leo, mlaze mwanao ndani ya chandarua.