Elijah McCoy, Mtumishi wa Tone la Mafuta

Askari aliyepata kufanya zamu Tororo anaifahamu reli iingiayo kutoka Kenya kupitia Malaba, ambayo hugawanyika mjini hapo: njia moja huelekea Kampala, nyingine Mbale, Soroti na Gulu. Aliyekaa Busia naye ameyaona malori yakingoja kuvuka mpaka, na matingo wakiwa chini yake, grisi mikononi. Reli na barabara zina adui mmoja, nao ni msuguano. Chuma kikisuguana na chuma pasipo mafuta hupata joto, hulika, na mwisho hukwama. Miongoni mwa waliopigana na adui huyo maisha yao yote ni Elijah McCoy.

McCoy, mtu mweusi, alizaliwa Colchester, jimbo la Ontario nchini Kanada, mnamo mwaka 1844. Wazazi wake, George na Mildred, walikuwa watumwa huko Kentucky, Marekani, wakatoroka kwenda Kanada kuutafuta uhuru. Alipotimiza miaka 15 walimpeleka Edinburgh, Uskoti, akajifunza ufundi wa mitambo. Alirudi akiwa fundi kamili, lakini katika jimbo la Michigan, ambako jamaa zake walikuwa wamehamia, rangi yake ilimnyima kazi ya uhandisi. Kampuni ya reli ya Michigan Central ilimpa kazi ya kuchochea moto na kutia mafuta mitambo.

Kazi hiyo ilidharauliwa na wengi, yeye hakuidharau. Siku hizo gari la moshi lililazimika kusimama mara kwa mara ili mtu alizunguke na kopo la mafuta. Mafuta yakikosekana, pistoni na silinda ziliharibika. Gari likisimama, abiria na mizigo vilichelewa. McCoy aliitazama taabu hiyo kila siku, akaitafutia dawa. Mwezi Julai 1872 alipewa hati ya uvumbuzi wa kikombe cha mafuta kilichofungwa kwenye mtambo. Nguvu ya mvuke wenyewe iliyafungulia mafuta njia, yakaingia kidogo kidogo ndani ya silinda huku mtambo ukiendelea na kazi.

Hakuishia hapo. Katika maisha yake alipata hati zaidi ya 50, nyingi zikihusu kulainisha mitambo. Mvuke wa injini mpya ulipozidi kuwa na joto kali, mafuta peke yake yakashindwa. Mnamo mwaka 1915, akiwa mzee wa miaka zaidi ya 70, alipata hati ya chombo kilichochanganya mafuta na grafiti, madini meusi yatumiwayo katika penseli.

Hata hivyo, utajiri haukumfikia. Kwa kukosa mtaji wa kiwanda, alilazimika mara nyingi kuwauzia wengine haki za uvumbuzi wake, na vyombo vingi viliuzwa bila jina lake. Kampuni yenye jina lake ilianzishwa Detroit mwaka 1920 tu. Baada ya kufiwa na mkewe Mary afya yake ilizidi kudhoofika, naye akafariki Oktoba 1929 katika hospitali ya wasiojiweza ya Eloise, Michigan. Marekani ilimwingiza katika jumba lake la heshima la wavumbuzi mwaka 2001, miaka 72 baadaye.

Vita vya msuguano havijaisha. Leo wanasayansi hujaribu vilainishi vya ioni, yaani chumvi za kikemia zilizo majimaji bila kuchemshwa. Hazigeuki mvuke kwa urahisi, na chembe zake zenye umeme hujishika kwenye uso wa chuma na kufanya utando mwembamba wa kukilinda.

Lakini utando huo, uwe wa chumvi au wa mafuta, hauna faida mikononi mwa mtu mzembe. Bunduki isiyotiwa mafuta hukwama. Iliyotiwa mengi mno hushika vumbi, nayo hukwama vilevile. Askari apewaye kopo la mafuta na kitambaa asidhani amepewa kazi ndogo. McCoy alipewa kopo hilo hilo kwa dharau, akalitumia kuyawezesha magari ya moshi kwenda mbali bila kusimama.