Bibi Peke Yake Katika Darasa la Udaktari

Kwetu pwani nimesikia mara nyingi habari za mama aliyeshikwa na maradhi ya ndani ya kike, akavumilia maumivu mpaka apatikane daktari mwanamke. Wako wanaomcheka mama huyo. Mimi simcheki, kwani haya kama hiyo ndiyo iliyomfanya Bibi Elizabeth Blackwell kuingia katika darasa ambalo halikuwa na mwanamke mwingine hata mmoja.

Bibi huyu alizaliwa Bristol, Uingereza, tarehe 3 Februari 1821, na jamaa zake wakahamia Marekani mwaka wa 1832. Baba yake alipofariki mwaka wa 1838 hakuacha mali, na Elizabeth na dada zake wakasomesha watoto ili wapate riziki. Udaktari hakuupenda hata kidogo. Kutazama kitabu cha tiba kulimchukiza. Lililomgeuza ni maneno ya mwanamke rafiki yake aliyekuwa mahututi. Alimwambia kwamba mateso yake yangalipungua lau angalitibiwa na mwanamke mwenziwe.

Basi akaanza kuweka akiba ya mshahara wake, huku akisoma vitabu vya madaktari waliokubali kumsaidia. Alipoomba nafasi vyuoni, Philadelphia na New York zote zilimkataa. Mwisho akaandika kwa chuo kidogo cha Geneva, katika jimbo la New York. Walimu hawakutaka kumkataa wenyewe, wakawaachia wanafunzi waamue, kwa sharti kwamba akipinga mmoja tu, bibi hataingia. Vijana wale walidhani ni mzaha, wakakubali wote. Novemba 1847 wakashangaa kumwona bibi mwenyewe ameketi mbele yao.

Mjini wanawake walimkwepa. Wengine wakamdhania mwovu, wengine mwenda wazimu. Lakini darasa lile lililosifika kwa makelele lilinyamaza kimya tangu siku alipoingia. Siku moja mwanafunzi alimrushia kikaratasi katikati ya somo, kikamwangukia mkononi. Bibi alikikung'uta kikaanguka chini, akaendelea kuandika.

Mtihani mkubwa ulikuja lilipofika somo la viungo vya uzazi. Mwalimu, Dokta James Webster, alimwomba asihudhurie, kwa ajili ya kuhifadhi haya. Hapo ndipo ninapomheshimu zaidi bibi huyu. Hakutukana wala hakulia. Alimwandikia mwalimu barua ya adabu, akamweleza kwamba yeye ni mwanafunzi mwenye nia safi, na kwamba ikiwa kumwona mbele kunawatia wenziwe haya, yu tayari kuvua kofia yake na kukaa nyuma kabisa; lakini somo hakutaka kuliacha. Mwalimu aliwasomea wanafunzi barua ile, nao wakaishangilia. Bibi akaingia, akasoma. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye aliinama pasipo kukiacha alichokitaka. Angalikubali kutoka siku ile, wanawake aliokusudia kuwatibu wangalipata daktari asiyeyajua maradhi yao.

Tarehe 23 Januari 1849 alipewa shahada, wa kwanza darasani na mwanamke wa kwanza kupata shahada ya udaktari Marekani. Hata siku hiyo alikataa kuandamana na wanaume njiani, kwa kuona haimpasi mwanamke. Mwaka huo huo, akijifunza ukunga Paris, maji yalimrukia usoni alipokuwa akimtibu mtoto mchanga mwenye maradhi ya macho. Jicho lake la kushoto likapofuka, na tamaa ya kuwa daktari wa upasuaji ikaishia hapo.

Hakurudi nyuma. Chuo cha Geneva kilimfungia mlango ndugu yake Emily, naye akasoma kwingine hadi akahitimu mwaka wa 1854. Mwaka wa 1857 ndugu hao wawili, pamoja na Dokta Marie Zakrzewska, walifungua hospitali New York kwa ajili ya wanawake na watoto maskini; na mwaka wa 1868 wakafungua chuo cha udaktari cha wanawake. Bibi Elizabeth alifariki Hastings, Uingereza, tarehe 31 Mei 1910, akiwa na umri wa miaka 89.

Kwa hiyo mzazi anayetaka mkewe na binti zake watibiwe na mwanamke, naye akamzuia binti yake kusomea udaktari kwa kuogopa haya, ajiulize: huyo daktari wa kike atatoka nyumba ya nani?