Nyumba ya Jaji Gaston

Katika mji wa New Bern, jimbo la North Carolina huko Marekani, karibu na mahali inapokutana mito ya Neuse na Trent, ingaliko nyumba ya mbao iliyojengwa yapata mwaka 1770. Aliyeijenga ni James Coor, lakini nyumba hutajwa pia kwa jina la mtu aliyeinunua mwaka 1818, naye ni Jaji William Gaston. Mwaka 1972 iliandikwa katika daftari ya taifa ya majengo ya kale yapasayo kuhifadhiwa. Marekani imehifadhi nyumba nyingi za wakubwa wake wa zamani, na kwa nyingi katika hizo hatungekuwa na haja ya kuwasumbua wasomaji wetu. Lakini chini ya dari ya nyumba hii ilisomwa Misa Takatifu wakati mji ule haukuwa na kanisa la Katoliki hata moja. Mwenye nyumba alikuwa Mkatoliki katika jimbo ambalo katiba yake ilielekea kuwafungia Wakatoliki mlango wa vyeo vyote, na juu ya hayo akawa jaji wa Mahakama Kuu, akaamua mashauri ya watumwa kwa namna ambayo wengi wa zama zake hawakuthubutu. Na humo humo nyumbani walimtumikia watumwa wake mwenyewe. Mambo hayo yote ni ya mtu mmoja, wala hatuoni haki ya kusimulia baadhi na kunyamazia mengine.

Gaston alizaliwa New Bern tarehe 19 Septemba 1778. Baba yake, Alexander, alikuwa mganga aliyetoka Ireland, Mprotestanti. Mama yake, Margaret Sharpe, alikuwa Mwingereza Mkatoliki aliyelelewa na masista huko Ufaransa. Mwaka 1781, vita ya kujitenga na Uingereza ikiendelea, askari wa upande wa Mfalme waliuingia mji, nao wakampiga risasi yule mganga pale ukingoni mwa maji alipokuwa akijaribu kukimbia, mkewe akiona. Mtoto hakuwa bado ametimiza miaka mitatu. Mjane akabaki peke yake na watoto, mahali pasipokuwa na padre wala jamaa wa dini yake, naye akawalea katika imani ya Kanisa bila kulegea. Kila tunaposoma habari za Gaston hatuachi kumfikiria mama huyo. Mwanawe alipata sifa nyingi, lakini mizizi ya mti aliipanda yeye.

John Carroll, Askofu wa kwanza wa Marekani, alipoanzisha chuo cha Georgetown, mwanafunzi wa kwanza kabisa kupokelewa humo, mwaka 1791, alikuwa William Gaston, umri wake miaka 13. Afya yake haikuwa njema, akalazimika kurudi nyumbani. Baadaye akaenda Princeton, chuo cha Waprotestanti, akamaliza mwaka 1796 akiwa wa kwanza katika darasa lake. Akajifunza sheria, akawa wakili mwaka 1798, akaingia katika baraza la jimbo, na tangu 1813 hata 1817 akakaa katika Bunge la Marekani. Humo bungeni ndimo alimopeleka ombi la chuo chake cha kwanza, na tarehe 1 Machi 1815 Rais Madison akatia sahihi sheria iliyokipa Georgetown uwezo wa kutoa digrii. Ukumbi mkubwa wa chuo hicho huitwa kwa jina lake hata leo. Alioa mara tatu, na wake wote watatu walifariki kabla yake. Wa mwisho mwaka 1819, mwaka mmoja tu baada ya kuinunua nyumba hii.

Mwaka 1820 Baba Mtakatifu alimteua Padre John England, Mwirishi wa Cork, kuwa Askofu wa Charleston, kulichunga eneo la majimbo matatu lililokuwa na mapadre wachache mno. Mwaka uliofuata Askofu huyo alifika New Bern, akapokelewa nyumbani kwa Gaston. Wakatoliki wachache waliokuwapo mjini wakakusanyika humo, akawasomea Misa, akafundisha. Parokia ya Mtakatifu Paulo ya New Bern huhesabu umri wake tangu ziara ile. Watu wa vigango vyetu hawana haja ya kuelezwa jinsi kanisa linavyoweza kuanza katika sebule ya mtu.

Sasa tuje kwenye katiba. Ile ya North Carolina ya mwaka 1776, katika kifungu chake cha 32, ilisema kwamba mtu anayekana kweli ya dini ya Kiprotestanti asishike cheo cha serikali. Mwaka 1833 Gaston alipotakiwa awe jaji wa Mahakama Kuu, kifungu hicho kilimsimamia mbele kama askari mlangoni. Hakukidharau, wala hakuificha dini yake. Alitaka shauri kwa watu wenye elimu ya sheria, akalipima neno moja moja, akaona kwamba maandishi yale hayakumtaja Mkatoliki kwa jina, wala hayakueleza kukana huko ni kukana nini. Na sheria inayomnyima mtu haki haifai kupanuliwa kupita maneno yake. Basi akakubali, akala kiapo. Wako waliomwona mjanja. Sisi twaona tofauti: mjanja hutafuta tundu la kupita yeye peke yake, na Gaston njia hiyo hiyo ya kusoma sheria aliitumia baadaye kwa watu wasioweza kumlipa chochote.

Mwanzo wa mwaka 1834, katika wilaya ya Edgecombe, mtumwa mmoja aitwaye Will, mali ya James Battle, aligombana na mtumwa mwenzake kwa ajili ya jembe. Mpini aliutengeneza Will mwenyewe, na jembe likapewa mwingine. Kwa hasira aliuvunja mpini akaenda zake kazini. Mnyapara, jina lake Baxter, alipopata habari alichukua bunduki, akapanda farasi, akamwendea. Will alivua kofia akasimama mbele yake. Kisha, walipoanza kusemezana, akakimbia. Mnyapara akampiga risasi mgongoni. Will, damu zikimtoka, alifuatwa na kukamatwa, na katika kushikana akamchoma mnyapara kwa kisu, naye akafa siku ile ile kwa kutokwa na damu. Kesho yake Will alijitoa mwenyewe kwa bwana wake.

Mahakama ya kwanza ilimhukumu kunyongwa kwa kosa la kuua kwa kukusudia. Bwana wake, na jambo hili si la kawaida, alimwekea mawakili kwa fedha zake, na shauri likafika mbele ya Gaston na wenzake. Miaka michache nyuma mahakama hiyo hiyo, kwa kalamu ya Jaji Thomas Ruffin, ilikuwa imemwachilia John Mann, aliyempiga risasi mwanamke mtumwa aitwaye Lydia alipokuwa akimkimbia. Hoja ilikuwa kwamba uwezo wa bwana juu ya mtumwa hauna budi kuwa kamili, ama sivyo utumwa hautasimama. Katika shauri la Will, Gaston hakuitangua hukumu hiyo. Alisema tu kwamba bwana au mnyapara hana ruhusa ya sheria ya kuutoa uhai wa mtumwa asiyempinga kwa nguvu. Tena mtumwa ni mwanadamu, ana hofu na hasira kama walivyo wanadamu, na aliyepigwa risasi akajiona anakufa hahesabiwi kuwa ameua kwa moyo wa uovu. Kosa likashushwa likawa kuua bila kukusudia, Will akaokoka na kamba.

Mwaka 1838 likaja shauri la Manuel, mtu mweusi aliye huru, aliyetozwa faini ya dola 20 kwa kosa la kupiga mtu. Hakuwa na fedha, na sheria iliyowahusu watu weusi huru peke yao iliruhusu akodishwe kazi mpaka deni liishe. Gaston aliandika kwamba kila mtu aliyezaliwa huru katika nchi ile, awe mweupe au mweusi, ni raia wake. Walakini sheria ya kukodisha aliiacha isimame, Manuel hakupona adhabu. Hatutaki kulifanya jambo hilo jepesi kuliko lilivyokuwa. Jaji alifungua mlango wa uraia, kisha aliyekuwa mlangoni akapelekwa kufanya kazi ya kulipa faini.

Mwaka 1832, mbele ya wanafunzi wa chuo kikuu cha Chapel Hill, Gaston alikuwa amesema wazi kwamba utumwa ndio unaorudisha nyuma nchi za kusini, akawataka vijana wale waufikirie mwisho wake. Haikuwa imepita hata mwaka tangu maasi ya watumwa wa Nat Turner katika jimbo jirani la Virginia, na wengi walitaka mambo hayo yasitajwe hadharani. Mwaka 1835 mkutano ulipokaa Raleigh kuirekebisha katiba, alisema kwa siku mbili juu ya kifungu cha 32. Neno la Kiprotestanti likaondolewa, mahali pake likawekwa neno la Kikristo. Wayahudi wakabaki nje hata mwaka 1868. Katika mkutano ule ule alipinga watu weusi huru kunyang'anywa kura waliyokuwa nayo tangu 1776. Hapo alishindwa, kwa tofauti ya kura chache.

Na watumwa wake? Alikuwa nao wengi, mjini na shambani, na alifariki akiwa bado bwana wao. Tumetafuta maneno ya kumtetea, hatukuyapata yanayoturidhisha. Si kwamba hakujua; hotuba ya Chapel Hill yatosha kuonyesha kwamba alijua. Wala hakuwa peke yake kati yetu Wakatoliki. Mwaka ule ule wa 1838, alipoandika hukumu ya Manuel, Wajezuiti wa Maryland waliwauza watu 272 kwenda Louisiana, na sehemu ya fedha ikalipia madeni ya Georgetown; mwaka 2017 wao na chuo waliomba radhi hadharani kwa wazao wa watu hao. Mwezi wa Desemba 1839 Papa Gregori XVI alilaani biashara ya watumwa, na Askofu England, rafiki wa Gaston, akaandika barua nyingi kueleza kwamba Papa alikusudia biashara ya kusafirisha watu, si utumwa uliokuwapo majumbani Marekani. Ilikuwa tafsiri iliyowafaa waumini wake wenye mashamba.

Gaston alifariki Raleigh tarehe 23 Januari 1844. Siku ile alishikwa na ugonjwa akiwa kazini mahakamani. Jioni alipata nafuu kidogo, akawa anazungumza na rafiki zake habari za imani kwa Mungu, na katika mazungumzo hayo akakata roho. Alizikwa New Bern, katika makaburi ya Cedar Grove.

Miaka 13 baadaye, mwaka 1857, Mahakama Kuu ya Marekani yote iliamua katika shauri la Dred Scott kwamba mtu mweusi wa ukoo wa watumwa hawezi kuwa raia wa nchi ile. Aliyeiandika hukumu hiyo, Jaji Mkuu Roger Taney, alikuwa Mkatoliki wa Maryland, na watumwa wake mwenyewe alikuwa amewaachia huru zamani. Gaston aliwashika wa kwake na kuwatambua wengine kuwa raia; Taney akafanya kinyume chake. Jaji Benjamin Curtis, aliyeikataa hukumu ile, alitafuta ushahidi kwamba watu weusi huru walikuwa raia tangu mwanzo wa taifa, akautoa katika shauri la Manuel, akimtaja Gaston kwa jina. Wakati ule alishindwa. Mwaka 1868, baada ya vita iliyoua watu laki nyingi, katiba ya Marekani ikaandikwa kwamba kila aliyezaliwa katika nchi ile na kuwa chini ya sheria zake ni raia.