Hergé, jina chini ya picha

Jina lake la kweli lilikuwa Georges Remi. Alizaliwa tarehe 22 mwezi wa tano 1907 ku Etterbeek, pembeni ya Bruxelles, katika familia ya kawaida. Alianza kuchora katika gazeti la maskauti, na mwaka 1924 akatafuta jina la kutia chini ya picha. Alitwaa herufi za kwanza za majina yake mawili, akazigeuza: R mbele, G nyuma. Zisome kwa Kifaransa, njo Hergé.

Mwaka 1925 aliingia gazeti Le Vingtième Siècle, paka kwa kazi ya kuandika majina ya wanunuzi. Mkubwa wa gazeti, Padri Norbert Wallez, akaona mkono wake unaweza. Baadaye akamupa gazeti la batoto, Le Petit Vingtième. Tarehe 10 mwezi wa kwanza 1929, Tintin na mbwa wake Milou wakatokea humo mara ya kwanza.

Kisha ikaja habari inayotugusa sisi. Hergé alitaka kumutuma Tintin Amerika. Padri akakataa: kwanza Kongo, ili vijana wa Ubelgiji wapende koloni. Kuanzia 1930 mpaka 1931 akaichora inchi yetu juma kwa juma, na hakuikanyaga hata siku moja, mpaka kufa. Alitazama vitu vya musée ya Tervuren na kufuata mawazo ya bazungu wa kwao. Njo maana alichora batu wetu kama batoto wasiojua kitu, na treni ndogo inayoanguka juu ya kugonga motokari ya Tintin. Sisi wa Katoto, hapa Kamina, reli tunaijua. Ile ya Bukama mpaka Port-Francqui, leo Ilebo, inayopita hapa kwetu, ilikwisha 1928, na babu zetu njo waliitandika kwa mikono yao. Na kifaru? Tintin anamutoboa mgongo na kutia baruti, sawa tunavyofanya mwamba. Mchimbaji atacheka, kisha atanyamaza.

Mwaka 1934 Hergé alipotaka kuchora Uchina, alionywa asiifanye kwa kusikia tu. Akakutana ku Bruxelles na mwanafunzi Mchina, Zhang Chongren. Akamuuliza, akamusikiliza. Kitabu Le Lotus bleu kikatoka na barabara za kweli na maandiko ya kweli, na uchungu wa batu waliovamiwa na Wajapani.

Mwaka 1940 Wajerumani wakaingia Ubelgiji, gazeti lake likafungwa. Akaenda kuchora katika Le Soir, gazeti lililonyang'anywa wenyewe na kutoka chini ya Wajerumani. Bruxelles ilipokombolewa, mwezi wa tisa 1944, alikamatwa mara nne, kisha akakatazwa kazi ya magazeti karibu miaka miwili. Wasomaji wengi hawakumujua Georges Remi kwa sura. Walijua Hergé, na jina lile njo lililoulizwa. Raymond Leblanc, mtu aliyepigana na Wajerumani kwa siri, akamuinua: mwaka 1946 wakaanzisha gazeti Tintin.

Mwaka ule ule kitabu cha Kongo kilichorwa upya kwa rangi. Mbele, Tintin aliwafundisha batoto wetu kwamba inchi yao ni Ubelgiji; sasa anawafundisha hesabu. Mwaka 1975, kwa wasomaji wa Skandinavia, kifaru naye akaponeshwa. Batu wakabaki vilevile. Uzeeni Hergé alikubali kwamba alichora mawazo ya bazungu wa wakati ule. Akafa tarehe 3 mwezi wa tatu 1983.

Batoto wetu wangali wanakisoma kile kitabu. Tusiwanyang'anye. Tukae nao, tufungue ukurasa wa treni, tuwaambie nani alijenga reli.