Ibn Battuta alitumia miezi 17, sisi saa nne zinatushinda?

Juni 1325, kijana wa miaka 21 aliwaaga wazazi wake mjini Tangier, Morocco, akashika njia peke yake kwenda kuhiji. Huyo ni Muhammad bin Abdallah, aliyekuja kujulikana kama Ibn Battuta. Alizaliwa mwaka 1304 katika ukoo wa makadhi.

Tangier hadi Makka, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 4,700. Ndege iendayo kilomita 800 kwa saa ingezimaliza kwa saa sita hivi. Yeye alipita Tunis, Misri na Sham, akahiji Novemba 1326, baada ya miezi 17. Njiani aliugua homa, akajifunga kwenye tandiko la mnyama wake asianguke, lakini hakurudi nyuma.

Zama hizo umbali ulihesabiwa kwa siku. Alipokuja kwetu Afrika Mashariki, Aden hadi Zeila ilikuwa siku nne baharini, na Zeila hadi Mogadishu siku 15. Mwaka 1331 alilala Mombasa usiku mmoja, kisha akafika Kilwa kwa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake. Majahazi yalishuka na kaskazi na kupanda na kusi. Aliyekosa msimu alingoja miezi.

Sasa tuhesabu wenyewe. Kilwa iko nyuzi 9 kusini ya Ikweta, na Makka nyuzi 21 na nusu kaskazini yake, karibu katika mstari mmoja wa longitudo. Jumla ni nyuzi 30 na nusu. Kila nyuzi moja ni kilomita 111, hivyo tunapata karibu kilomita 3,400. Kwa ndege ile ile ni saa nne na robo. Huku Kalemela, Simiyu, ni karibu zaidi, kama kilomita 2,750.

Ndugu Waislamu, wengi wetu hawana nauli, na hao sheria imewapa udhuru. Nawasemea tuliojaaliwa uwezo. Tunajenga nyumba ya pili, tunafanya harusi za fahari, Hija tunaiwekea uzee. Tukifika huko, magoti hayawezi tena kutufu.

Ibn Battuta alihiji zaidi ya mara moja, akawa kadhi Delhi, akafika hadi China. Aliporudi kwao mwaka 1349 wazazi wake wote walikuwa wamefariki, mama yake kwa tauni. Habari za safari zake ziliandikwa na kukamilika mwaka 1355, na yeye akafariki mwaka 1368 au 1369. Angesubiri wakati mzuri zaidi, huenda asingetoka Tangier.

Umbali umekwisha fupishwa. Kilichobaki ni nia yetu. Mwenyezi Mungu atujaalie tuitikie mwito Wake tukiwa na nguvu. Amin.